Ninavyosoma kumbukumbu za kompyuta kabla ya kubadili ARV

Kwenye CTC, yaani kliniki ya huduma na matibabu ya VVU, naanza na namba, si jina. Huku Makete ukiita Sanga, nusu ya benchi inainuka. Nalinganisha tarakimu zote 14 za kwenye skrini na za kwenye kadi, kisha namuuliza mteja mwaka wa kuzaliwa.

Kipimo cha wingi wa virusi nakipanga kwa tarehe ya kuchukua sampuli, maana jibu linaweza kuingizwa wiki kadhaa baadaye. Jibu la juu ya nakala 1,000 za virusi kwa mililita lililoingizwa leo huenda ni la damu iliyotolewa kabla ushauri wa ufuasi wa dawa haujaanza, kwa hiyo halihesabiki kama kipimo cha marudio. Kisanduku kitupu nacho si sawa na virusi kutoonekana. Napiga simu maabara kwanza.

Panaponichukua muda ni figo, kwa sababu ya tenofovir, ARV inayoweza kuzidhuru. Hesabu ninayotumia kukadiria figo zinachuja mililita ngapi kwa dakika: 140 toa umri, zidisha kwa kilo, zidisha kwa 1.04 kwa mwanamke au 1.23 kwa mwanaume, gawanya kwa kreatinini (taka ya kwenye damu inayochujwa na figo) ya mikromoli kwa lita. Mama wa miaka 58, kilo 52, kreatinini 130, anapata 34. Chini ya 50 simwachi kwenye tenofovir, naangalia abacavir, ARV nyingine ya kuweka mahali pake. Sasa, mashine nyingine hutoa miligramu kwa desilita: kreatinini hiyohiyo inasomeka 1.47. Ikiingizwa hivyo bila kuzidishwa kwa 88.4, kompyuta inakupa zaidi ya 3,000 na haishtuki, ingawa hakuna binadamu mwenye figo hizo. Jibu la ajabu kiasi hicho utalikamata. La hatari zaidi ni uzito uliohamishwa kutoka hudhurio lililopita, kwani huo huonekana wa kawaida kabisa.

Ndiyo maana uzito unapimwa upya kila hudhurio, koti likiwa limevuliwa. Juni na Julai watu hugoma, baridi ya huku mnaijua. Lakini mtoto wa kilo 19 akipimwa na sweta mbili na koti, mfumo unamsoma 20 na kumtoa kwenye dolutegravir (nayo ni ARV) ya watoto, vidonge viwili na nusu vya miligramu 10, kumpeleka kwenye kidonge cha 50.

Dawa nyingine hazipo kwenye skrini ya CTC. Nafungua pia mfumo wa OPD, yaani wagonjwa wa nje, na rejista ya kifua kikuu. Anayetumia rifampicin, dawa ya kifua kikuu, anahitaji dolutegravir ya miligramu 50 ya ziada, saa 12 baada ya TLD (kidonge kimoja chenye tenofovir, lamivudine na dolutegravir), hadi wiki mbili baada ya kumaliza rifampicin. Mwenye kisukari asipite miligramu 1,000 za metformin kwa siku akiwa kwenye dolutegravir. Umeme ukikatika, kadi ya karatasi ndiyo inayobaki, hivyo nayo naijaza siku hiyohiyo.

Nikibadili dawa naandika sababu kwenye sehemu ya maelezo: "figo 34, tenofovir imeondolewa", pamoja na tarehe ya kipimo. Mteja akienda kuchuma chai Mufindi na kuhamishia huduma huko, mwenzangu atakayekuta abacavir bila maelezo anaweza kumrudisha kwenye TLD siku ya kwanza tu.