Mkate wa Mjane Ulioshuka Shimoni

Wapendwa katika Bwana, somo letu la juma hili ni Yeremia 38:1-13, nami naomba tulisome tukilikumbuka shimo ambalo mimi na kikundi cha wanafunzi tuliteremka ndani yake katika safari ya siku moja nchini Armenia.

Tulitoka Yerevan asubuhi kuelekea kusini, hadi monasteri ya Khor Virap, jina ambalo maana yake ni shimo lenye kina. Mlima Ararat huonekana wote kutoka hapo, ingawa uko ng'ambo ya mpaka, upande wa Uturuki. Ndani ya kikanisa kidogo, kando ya altare, kuna tundu jembamba lenye ngazi ya chuma iliyosimama wima. Unashuka ukiwa umeuelekea ukuta, mabega yakigusa mawe, takribani mita 6, mpaka miguu inapokanyaga sakafu ya chumba cha duara chenye joto zito na harufu ya mishumaa. Kwa mapokeo ya Kanisa la Armenia, humo ndimo Mfalme Tiridates III alimofungia Gregori Mwangazaji kwa takribani miaka 13, kwa sababu alikataa kuiabudu miungu ya ufalme, na kwa sababu baba yake ndiye aliyemuua baba wa mfalme.

Nikiwa chini pale nilijiuliza aliishije. Mapokeo yanajibu kwamba mjane mmoja alimtupia mkate kila siku. Masimulizi yanamtaja kwa ujane wake tu, lakini bila yeye Gregori asingetoka hai. Yeremia naye alipozama matopeni ndani ya kisima, aliyemkumbuka ni Ebedmeleki Mkushi, mtu wa nchi iliyo kusini mwa Misri, katika Afrika hii yetu. Huyu hakuridhika kuleta kamba peke yake. Alitafuta na matambaa makuukuu, akamwambia nabii ayatie makwapani ili kamba zisimchubue. Mimi huguswa sana na matambaa hayo, maana yanaonyesha mtu aliyekwisha kuyawaza maumivu ya mwenzake kabla hajaanza kuvuta.

Sisi katika jumuiya zetu hufika kwa wingi siku ya kwanza ya msiba, ya ugonjwa au ya kifungo, kisha tunapungua mmoja baada ya mwingine. Mjane yule alirudi siku ambayo hapakuwa na habari yoyote mpya, na siku iliyofuata akarudi tena, huku watu wakiamini kwamba Gregori alikwisha kufa zamani. Ndiyo maana mfalme alipougua, na dada yake akaota kwamba Gregori peke yake ndiye awezaye kumponya, wengi walistaajabu kusikia kuwa yu hai. Mfalme akapona, na kwa hesabu ya mapokeo, mwaka 301 ufalme wote ukaupokea Ukristo.

Tulipita pia Etchmiadzin, penye kanisa kuu ambalo Gregori anasemekana kulijenga baada ya kumwona Kristo katika maono, na karibu nalo kanisa la mfiadini Hripsime lililojengwa mwaka 618. Ni majengo ya fahari, lakini moyo wangu ulikuwa bado kule shimoni.

Jioni tulimalizia Geghard, monasteri ambayo sehemu yake ilichongwa ndani ya mwamba katika karne ya 13, na ambamo chemchemi hububujika ndani ya kanisa lenyewe. Nje ya lango akina mama huuza gata, mkate mtamu wa duara, mpana kama sinia. Tulinunua mmoja, tukaumega ndani ya basi. Mwanafunzi mmoja hakula kipande chake. Alikifunga kwenye leso, akasema kuna mwenzake hosteli ambaye hajatoka kitandani tangu Jumatatu.