Madirisha na milango: amua kabla ukuta haujafika linta

Wengi huanza kufikiria madirisha nyumba ikiwa imeshaezekwa na plasta imekauka. Ndipo anaitwa fundi aluminiamu aje na futi yake. Kufikia hapo maamuzi makubwa yameshafanywa na fundi uashi: upana wa uwazi, kimo cha kuanzia dirisha, nafasi ya grili, hata upande mlango utakaofungukia. Fundi aluminiamu anaziba tundu alilolikuta tu.

Kwa hiyo anza na tofali. Tofali la saruji la inchi 18 kwa 9 kwa 6, likijengwa kwa kimo cha inchi 9 na mota ya inchi 1, kila kozi, yaani safu moja ya tofali, inakula inchi 10. Linta, yaani boriti ya zege inayopita juu ya milango na madirisha, ikikaa juu ya kozi ya 9, una inchi 90 kutoka kwenye jamvi (zege la chini). Sakafu na marumaru vitakula kama inchi 3, zitabaki 87. Mlango wa futi 7 ni inchi 84, fremu ya juu ni inchi 2, jumla 86. Unaona nafasi ilivyo ndogo. Anayebana kozi moja ili aokoe tofali ataishia kukata milango, na mlango wa flashi, ule tambarare wenye ganda jembamba pande mbili, ukikatwa sana unapoteza ubao wa ukingoni unaoshikilia umbo lake. Vilevile mwulize fundi mota yake ni inchi ngapi kweli. Mota ya nusu inchi inakupunguzia inchi 4 na nusu kwa kozi 9, na hapo lazima kozi ziongezwe au linta inyanyuliwe.

Kwa hesabu hiyohiyo, dirisha la futi 5 kwenda juu ni kozi 6 kamili, linaanza juu ya kozi ya 3 na kuishia kwenye linta. Futi 4 ni inchi 48, haziingii kwenye kozi. Fundi atajaza vipande vya tofali na mota nene chini ya dirisha. Afadhali uache inchi 50, kozi 5. Jikoni usianzie kozi ya 3 wala ya 4: kaunta ya kawaida iko inchi 36 juu ya marumaru, bado hujaweka bomba la sinki na safu ya marumaru ya ukutani. Anzia juu ya kozi ya 5, dirisha liwe la inchi 40 kwenda juu, na fremu haitashindana na bomba.

Ukubwa ufuate chumba. Kanuni inayotumika sana ni kioo kisipungue asilimia 10 ya eneo la sakafu, na sehemu inayofunguka isipungue nusu ya hapo. Chumba cha futi 12 kwa 14 ni futi za mraba 168, kwa hiyo kinahitaji kama 17 za mwanga na 8 na nusu za hewa. Dirisha la slaidi la 5 kwa 5 lina futi 25 za mwanga, lakini hufunguka nusu tu, yaani 12 na nusu, na ukitoa fremu inapungua zaidi. Wavu wa mbu nao unakula upepo. Kwa Pwani mimi nahesabu kwamba dirisha la slaidi lenye wavu linanipa robo tu ya ukubwa wake kwa hewa, na kwa hesabu hiyo dirisha moja la 5 kwa 5 halitoshi chumba hicho. Weka mawili kwenye kuta mbili tofauti. Dirisha moja kubwa bila tundu la kutokea hewa upande mwingine linaleta mwanga na joto, upepo unabaki nje.

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri halishuki sana mwaka mzima. Hata Juni, likiwa limehamia kaskazini, linabaki kama nyuzi 60 juu ya upeo. Upenu wa futi 2 na nusu unatia kivuli zaidi ya futi 4 za ukuta kwa pande za kaskazini na kusini. Magharibi ni habari nyingine, kwani jua la saa kumi linapita chini ya upenu wowote na kuingia hadi kitandani. Upande huo weka choo, stoo, au dirisha dogo lililo juu. Upepo nao unajulikana: kusi huja kutoka kusini-mashariki, kaskazi kutoka kaskazini-mashariki, kwa hiyo ukuta unaotazama mashariki unapata upepo majira yote mawili. Ukifungua mashariki, fungua pia upande wa pili ili hewa ipite. Ukuta wa kaskazini au kusini utafaa zaidi kuliko wa magharibi.

Grili, wavu na aina ya dirisha

Haya matatu ni uamuzi mmoja, na ndipo pesa nyingi hupotea. Dirisha la bawaba linalofunguka nje haliwezi kuwa na grili upande wa nje, litagonga chuma. Grili ikiwekwa ndani, utapitisha mkono katikati ya vyuma kila unapotaka kufunga, na wavu hauna pa kukaa isipokuwa ndani zaidi, ambako lazima nao ufunguke ili ufikie mpini. Dirisha la slaidi halisumbui hivyo. Grili inakaa nje, na fremu ya njia tatu inabeba vioo viwili na wavu mmoja. Hiyo ndiyo sababu limeenea mijini kote.

Fremu ya njia tatu ina kina cha karibu inchi 4. Ukuta wa tofali la inchi 6 wenye plasta pande mbili ni inchi 7, kwa hiyo grili ikae kama inchi 1 kutoka uso wa nje na aluminiamu ipate nafasi ndani yake. Fundi wa kuchomelea asipoambiwa ataiweka katikati kabisa ya ukuta, kisha fremu itatokeza ndani na pazia litanasa. Kwa ukuta wa inchi 5 nafasi ni finyu zaidi, pima kabla grili haijajengewa.

Nafasi kati ya nondo isizidi inchi 4 na nusu, na chuma kipakwe rangi ya kuzuia kutu pande zote kabla ya kuingia ukutani. Miguu ya grili iliyozikwa kwenye mota bila rangi ndiyo huoza kwanza, na michirizi ya kutu hutokea kwenye plasta. Kila chumba cha kulala kiwe na grili moja yenye bawaba na kufuli upande wa ndani, ufunguo ukining'inia mahali panapojulikana na watoto. Grili zilizofungwa moja kwa moja zinamzuia mwizi, na moto ukizuka zinamzuia mwenye nyumba.

Slaidi ina udhaifu wake. Vioo vinapita juu ya brashi za manyoya, na brashi haizibi kama mpira. Njombe au Mafinga mwezi wa Juni na Julai utasikia baridi kitandani, na Dodoma vumbi litalala kwenye njia za dirisha kila wiki. Huko bawaba yenye mpira kuzunguka fremu inastahili usumbufu wa grili ya ndani. Luva za vioo za zamani zinafungua karibu uwazi wote, nazipenda kwa choo na stoo. Kwa chumba cha kulala hapana: mtu akiwa nje anakunja vishikio na kuchomoa kioo kimoja kimoja bila kelele.

Kumsikiliza fundi aluminiamu

Bei hutajwa kwa futi ya mraba, na hapo ndipo nukuu mbili zinakuwa hazifanani hata zikionekana sawa. Mwulize unene wa ukuta wa profaili (vipande vya aluminiamu vinavyounda fremu) kwa milimita, unene wa kioo, kama wavu umo, loki ni za aina gani, na magurudumu ni ya plastiki au yana bearing. Profaili nyepesi hupinda ukiibana katikati kwa vidole. Kwa kioo cha dirisha la 5 kwa 5 nachukua milimita 5. Milimita 4 hutetemeka upepo ukivuma na kugonga kwenye mpira wake uliokauka. Kioo kinachofika karibu na sakafu, au kilichomo mlangoni, kiwe cha tempa, ambacho kikivunjika huwa chembe ndogo zisizochana mwili kirahisi. Hakikatwi wala kutobolewa tena baada ya kutoka kiwandani, kwa hiyo vipimo na matundu ya kitasa lazima viwe vimekamilika kabla ya kuagiza.

Vipimo visitoke kwenye ramani. Uwazi wa futi 5 ukipata plasta nusu inchi kila upande unabaki futi 4 na inchi 11. Pima baada ya plasta: upana mara tatu, juu, katikati na chini, kimo vivyo hivyo, kisha pembe kwa pembe. Chukua kipimo kidogo kuliko vyote, toa milimita 5 kila upande. Vipimo viwili vya pembe kwa pembe vikitofautiana zaidi ya milimita 10, rekebisha plasta kwanza. Fremu ya slaidi ikilazimishwa kwenye uwazi uliopinda, magurudumu yatabeba uzito upande mmoja na loki haitakutana na mwenzake.

Mota mbichi inaunguza aluminiamu na kuacha madoa meupe yasiyotoka, kwa hiyo plasta na skimu (plasta laini ya mwisho) vitangulie, na fremu ifungwe na karatasi ya gundi mpaka rangi ikamilike. Karibu na bahari, Kigamboni, Bagamoyo au Unguja, skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Za kawaida zikigusana na aluminiamu kwenye chumvi huila aluminiamu inayozizunguka, na fremu inaanza kucheza.

Maji yakiingia ndani, lawama hupewa silikoni. Mara nyingi kosa ni matundu madogo ya kutolea maji kwenye reli ya chini, upande wa nje: hayakutobolewa kabisa, au fundi rangi ameyaziba. Reli inajaa kama sahani na kumwagikia ndani. Kingo ya chini ya ukuta nayo iteremke kuelekea nje, angalau sentimita 1 kwa kila sentimita 10, itokeze kidogo nje ya ukuta na iwe na mfereji mdogo chini yake ili tone lidondoke badala ya kurudi ukutani. Kabla ya kumaliza malipo, mwagia kila dirisha kwa mpira wa bustani dakika 10 huku mtu akiangalia ndani.

Milango

Mninga wa misitu ya miombo ya Tabora na Katavi unasifiwa kwa haki, kwani hausinyai sana wala kupinda, na mchwa hawaupendi. Mkongo ni mzito na mgumu zaidi. Mtiki wa Longuza na Mtibwa ni mzuri, ila chagua kiini chenye rangi ya kahawia. Sehemu nyeupe ya nje haina kinga. Mpaini wa Sao Hill kwa fremu uwe umetibiwa dawa, na kila mahali utakapokatwa upakwe dawa tena. Jambo kubwa kuliko jina la mti ni ukavu. Ubao wenye unyevu zaidi ya asilimia 15 utasinyaa ukiwa ukutani, viungo vitaachana na kitasa hakitafika kwenye tundu lake. Kipima unyevu ni kifaa cha mkononi, na seremala mwenye tanuri la kukaushia anacho.

Fremu ya 2 kwa 6 ikirandwa inabaki kama inchi 5 na nusu, na ukuta wako ni inchi 7. Isiwekwe katikati. Ilingane na uso wa plasta upande mlango unakofungukia, la sivyo mlango utagonga kona ya plasta na kung'oa bawaba. Kila mguu ushikwe na vyuma vitatu vilivyozikwa kwenye mota. Acha angalau inchi 6 kati ya fremu na ukuta wa pembeni, ili mpini usigonge ukuta na ubao wa kufunika ukingo upate pa kukaa. Swichi ya taa iwe upande wa kitasa. Fundi umeme anayechimba ukuta kabla hujaamua mlango unafungukia wapi ataificha nyuma yake.

Mlango wa mbele, futi 4 kwa upana wa fremu inatosha: ubao mmoja wa futi 3 unaotumika kila siku, na mdogo unaofunguliwa sofa na friji vinapoingia. Milango ya chuma ya China huja na fremu yake, mingi ikiwa milimita 960 kwa 2050, kwa hiyo nunua kwanza, jenga baadaye. Mlango ukitazama magharibi, ujue chuma hicho kitachoma mkono jioni.

Mlango wa mbao mzima unahitaji bawaba tatu za inchi 4, ya juu ikiwa inchi 8 kutoka juu, na ya chini inchi 10 kutoka chini. Acha milimita 3 pembeni na juu, na milimita 8 juu ya marumaru. Kitasa cha kuzamisha, kinachoingizwa ndani ya ukingo wa mlango, kinataka ubao wenye unene wa milimita 40 au zaidi; kwenye ubao mwembamba seremala anabakiza ganda tu pande mbili, na teke moja linatosha kulipasua.

Choo na bafu, weka aluminiamu au plastiki ngumu. Ukisisitiza mbao, miguu ya fremu ianzie juu ya marumaru, si ndani ya sakafu, na ncha zake zipakwe rangi ya mafuta mara mbili kabla ya kusimikwa, maana maji hupanda kupitia ncha ya ubao kuliko sehemu nyingine yoyote. Loki yake iwe ile inayoweza kufunguliwa kutoka nje kwa sarafu, mtoto akijifungia.