Dola 12 za darasa ambalo sikuingia

Jana nimetoka shifti ya usiku, nafungua simu nakuta ujumbe wa benki: dola 12 zimekatwa. Si umeme, si bima ya gari. Ni jimu ninayofanyia mazoezi huku Columbus, Marekani. Nilikuwa nimeweka nafasi darasa la saa 3 asubuhi, nikaifuta saa 1, na sheria yao ni kwamba ukifuta zimebaki chini ya saa 8, unalipa. Nilifuta kwa sababu wa kunipokea zamu kazini hakutokea, na kwenye nyumba ya wazee huachi wagonjwa ukaondoka hivi hivi, unaweza kupoteza leseni. Nikapiga simu. Binti wa mapokezi akanijibu kwa sauti tamu kabisa kwamba amenielewa, amenionea huruma, na hela hairudi.

Elfu thelathini hiyo! Watu wa Mtwara mnajua elfu thelathini pale feri inakupa samaki wa namna gani, na chenji ya nazi inabaki.

Na hiyo ni faini tu. Ada yenyewe ni dola 159 kwa mwezi, karibu laki nne. Mdogo wangu nilipomwambia alinyamaza kwanza, halafu akaanza kupiga hesabu ya korosho, maana kwetu Newala hela haieleweki mpaka igeuzwe korosho. Minada ya mwanzo ya msimu wa 2024 bei ilipita shilingi 4,000 kwa kilo, na ule ulikuwa mwaka wa watu kutabasamu. Hata kwa bei hiyo mimi natoa gunia zima na zaidi kila mwezi, la korosho iliyopaliliwa, ikapuliziwa salfa, ikaokotwa moja moja, ikapelekwa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, mzee akasubiri malipo. Natoa ili nikatoke jasho. Akaniuliza, "Dada, huko hakuna barabara?"

Barabara zipo. Columbus ina barabara pana, ila miezi ya theluji ukitoka nje saa 12 asubuhi unateleza, na mifupa ya huku kutibiwa ni bei nyingine. Ukiacha hiyo, mwili wa huku haupati kazi. Unatoka mlangoni unaingia kwenye gari, unashuka unaingia kazini, chakula kinaletwa kwenye mfuko. Nimenenepa tangu nifike, na kwenye picha nyumbani wananisifia nimenawiri. Daktari hakunisifia. Alipima presha mara ya pili akidhani mashine imekosea.

Sasa niwaeleze kilichomo humo ndani, maana wengi mnaona video tu. Ni chumba kimoja, muziki juu, watu kama ishirini na kitu. Wengine wako kwenye mashine za kukimbilia, wengine kwenye mashine za kupiga kasia, wengine chini na vyuma, halafu mnabadilishana kocha akisema. Kila mmoja amevaa mkanda kifuani, chini ya matiti, unaonasa umeme mdogo wa moyo na kurusha namba kwenye skrini kubwa ukutani. Jina lako liko pale, na rangi yako kulingana na moyo unavyokwenda mbio: kijivu, buluu, kijani, chungwa, nyekundu. Wanachukua 220 wanatoa umri. Mimi nina 38, kwa hiyo wananihesabia mapigo ya juu kabisa 182 kwa dakika. Nikifika kama 153 naingia chungwa, nikipita 167 au zaidi kidogo ni nyekundu. Lengo la saa nzima ni kukusanya dakika 12 au zaidi kwenye rangi mbili za juu, si kubaki huko muda wote.

Hapa lazima niwape haki yao. Pembeni yangu huwa kuna bibi wa Kizungu, umri wa mama yangu, anatembea tu, na yuko chungwa. Upande wa pili kijana anakimbia mpaka mashine inatetemeka, naye bado kijani. Hakuna anayemcheka bibi, kwa sababu skrini inaonyesha moyo wake unafanya kazi kumpita yule kijana. Mashindano ya kwetu ya mbio ni ya miguu, aliye nyuma anazomewa. Huku unashindana na moyo wako.

Kuna asubuhi nilitoka kazini nikaenda moja kwa moja. Kocha akaamuru kilima, mashine zikainuka asilimia sita. Mimi mjukuu wa mwanamke aliyekuwa akiteremka bonde kufuata maji akapanda kurudi Newala na ndoo kichwani, nikasema hiki si kilima. Ukisimama Shimo la Mungu ukatazama bonde la Ruvuma chini, ndiyo utajua kilima. Lakini kwenye skrini nilikuwa nyekundu, na natembea! Kocha akaja, hakupiga kelele, akabonyeza mashine ikashuka, akainama karibu na sikio: umelala? Nikasema sijalala. Umekula? Sijala. Akanikalisha kwenye benchi mpaka namba iliposhuka, akanipa ndizi kutoka kwenye begi lake mwenyewe. Kazini kwangu hakuna bosi aliyewahi kuniuliza kama nimekula.

Ndiyo maana ile dola 12 inaniuma zaidi. Watu hawa wanajua moyo wangu unapiga mara ngapi kwa dakika, ila udhuru wa shifti ya usiku kompyuta yao haina mahali pa kuuandika.

Mnaojiandaa kuja, hasa nyie wa Masasi na Tandahimba mnaoniandikia kuhusu kazi za kulea wazee: darasa la kwanza la bure ni la bure kweli, lakini usitoe namba ya kadi siku hiyo. Soma mkataba wa kutoka kabla ya ule wa kuingia. Huu wangu ukitaka kuacha unatoa taarifa siku 30 kabla, na ndani ya siku hizo unaendelea kukatwa. Nenda kwanza ukapime presha. Na kama unameza dawa za presha, muulize daktari, kwa sababu zipo zinazozuia moyo kwenda mbio. Utajisukuma kuitafuta chungwa nayo haiji, utakufa bure. Hata ile 220 ni makadirio, watu wawili wa umri mmoja wanaweza kupishana mapigo kumi na zaidi. Kama huna bajeti, vituo vya mazoezi vya manispaa vipo, bei yake ndogo, na hakuna wa kukuita jina.

Mama yangu hajawahi kulipia mazoezi. Kalima, kaokota, kapanda na kushuka maisha yake yote, na bado presha yake tuliijua siku alipoanguka shambani tukamkimbiza hospitali. Kwa hiyo msije mkaniambia jembe linatosha. Jembe halina skrini.

Mdogo wangu yuko Mtwara mjini, na kikundi chao cha mbio Jumamosi wanaondoka uwanja wa Nangwanda Sijaona mpaka Shangani, fulana zinafanana, wanaimba njia nzima. Mchango wao ni wa maji na fulana tu, na asiyefika anafuatwa kwake kugongewa dirisha. Sasa ameutaka mkanda. Nimeshamnunulia, wa kushika na simu kwa Bluetooth, utakwenda na mgeni wa Desemba. Anauliza betri atapata wapi. Ni zile bapa za duara, aandike namba iliyochorwa mgongoni aende nayo kwa fundi saa, na asinunue moja, anunue mbili.