Ekzosi ya Carina yangu: sabuni, kopo la maziwa na raba ambayo hakuna aliyeitazama

Anayekushauri uzibe ekzosi kwa sabuni ya mche, mshukuru, mkaribishe chai, halafu usimfuate. Sabuni ya mche inaziba tangi la mafuta likitoboka, hilo sibishi, nimeshuhudia daladala likimalizia safari namna hiyo. Lakini tangi ni la baridi. Ekzosi ni jiko lenye matairi.

Mimi hushona sare za shule hapa Moshi, na kila Jumamosi napeleka mzigo Arusha kwa Carina kuukuu ambayo mume wangu alishaikatia tamaa. Mwezi wa saba, baridi ile mnayoijua, gari likaanza kutoa mlio asubuhi: tsi, tsi, tsi. Likishapata moto linanyamaza. Nikajisemea limeamka na mafua. Wiki ya tatu, nikipanda kilima cha Kikavu na mzigo, likanguruma hadi dereva wa lori la mchanga akanitazama kwa heshima. Nyumbani Majengo mwanangu wa mwisho akawa anafungua geti nikiwa bado kona ya msikitini. Haoni gari, anasikia tu.

Jirani yangu ni dereva mstaafu wa malori, mzee wa watu, nikimwona ni shikamoo kabla ya mengine yote. Akaniambia, "Mwanangu, usipoteze hela gereji. Sabuni ya mche, ikande na maji kidogo, pachika. Utanikumbuka." Nimemkumbuka kweli.

Nikapandisha matairi ya upande mmoja kwenye ukingo wa mtaro, nikaweka mawe nyuma ya matairi mengine (jeki peke yake siiamini hata kwa dakika moja), nikajitupa chini juu ya gunia. Nikamulika na simu. Chini ya sailensa, lile pipa la ekzosi linalopunguza mlio, nikaona tundu! Dogo, la duara, linadondosha matone ya maji. Nilifurahi kama niliyeokota noti. Nikapachika sabuni, nikawasha gari. Baada ya dakika kama kumi mtaa mzima ulinukia nguo zinazochemshwa, sabuni ikatiririka chini kama uji, na mngurumo uko palepale.

Mtu mwenye akili angeacha. Mimi nikaenda dukani kununua gundi ya chuma, ile ya mirija miwili unayochanganya. Nikatia skrubu kwenye lile tundu, nikapaka gundi juu, nikaacha usiku kucha. Kesho yake, kabla hatujafika Kwasadala, kukanukia plastiki inayoungua. Niliposimama kutazama, gundi imekuwa nyeusi, imepasuka vipande kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi. Gundi ya kawaida ya nyumbani haikutengenezwa kwa moto ule. Ile ya ekzosi ipo, inauzwa madukani kwenye kopo dogo, ila mimi nilikuwa najua kila kitu.

Tundu lenyewe sasa. Fundi aliyekuja kunisaidia baadaye alilitazama, akaketi chini kabisa ili acheke vizuri. "Mama, hili halikutoboka. Wamelitoboa kiwandani." Petroli ikiungua inatoa na mvuke wa maji. Maji hayo yanakusanyika ndani ya sailensa, hasa kwa sisi tunaoenda sokoni na kurudi kabla gari halijapata moto sawasawa, na ndiyo yanayoozesha bomba kuanzia ndani. Tundu lile ni la kuyatolea. Kwa hiyo kwa wiki kadhaa nilikuwa nimeifungia sailensa yangu maji ndani ili ioze upesi. Tundu la duara safi vile, kama limepimwa, ningepaswa kushtuka.

Kilichonitoa kwenye mizaha ni binti yangu. Jumamosi moja tulisafiri vioo vimefungwa juu ya baridi, yeye kiti cha nyuma katikati ya mafurushi. Tulipofika Maji ya Chai anasema kichwa kinamgonga, kisha akatapika. Nikadhani ni safari. Mimi mwenyewe kichwa kilikuwa kizito, na harufu ya moshi sikuisikia. Ndivyo ilivyo: kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi wa gari, haina harufu wala rangi, na inaing'ang'ania damu kuliko oksijeni inavyoweza. Tuliteremsha vioo vyote, tukakaa nje muda mrefu, akarudi sawa. Tangu siku hiyo hadi gari lilipopona, hakupanda tena, na mimi niliendesha vioo wazi nimejifunga kanga kichwani kama nina jino bovu.

Nikaanza upya, safari hii nikitafuta tundu la kweli. Gari likiwa baridi kabisa, asubuhi, nikawasha. Kijana wangu akavaa glovu nene akabana tambara kwenye mdomo wa ekzosi kwa sekunde chache, mimi nikapulizia maji ya sabuni kwenye bomba kipande kwa kipande. (Sabuni ikapata kazi yake halali.) Mbele kidogo ya sailensa, upande wa JUU wa bomba ambako jicho halifiki, povu likachemka. Nikapitisha kidole, kikarudi na masizi meusi. Ufa wa urefu wa kidole cha shahada, karibu na kiungo.

Hapa ndipo ninapojivunia, kwa hiyo nivumilieni. Nilikuwa na oda ya Jumamosi, na hela ya fundi haipo. Nikachukua kopo la maziwa ya unga. Kwanza nililijaribu na sumaku ya spika mbovu: likinasa ni chuma, lisiponasa ni alumini, na alumini kwenye ekzosi sitaki kuisikia. Likanasa. Nikatoa mfuniko na kitako, nikalikata kwa mkasi wa bati nikapata shuka la kutosha kuzunguka bomba mara moja na nusu. Bomba nikalisugua kwa brashi ya waya hadi kutu yote inayobanduka ikabanduka, nikalilowesha, nikapaka ile gundi ya ekzosi kutoka dukani, nene kama siagi kwenye mkate wa mgeni. Juu nikavingirisha bati la kopo, mshono ukiwa upande wa pili wa ufa, nikabana kwa klipu mbili za chuma za mipira ya maji, moja kila upande. Halafu nikaliacha gari liungurume taratibu kama dakika kumi bila kulikanyaga, gundi iive. Wengi wanakosea hapo: wanapaka, wanaruka barabarani, gundi inapulizwa nje ingali mbichi.

Gharama yote haikufika 15,000, na maziwa tulikunywa. Kiraka kile kilikwenda Arusha na kurudi mara tano, kilometa 80 hivi kwenda tu. Trafiki alinisimamisha mara moja, akaniuliza kuhusu stika.

Lakini kiraka ni kiraka. Nilipopata hela nikaenda gereji moja, jina naliacha. Fundi hakuinama hata mara mbili. Kwanza akataka kunitolea masega, "gari lipumue, mama, mafuta yatapungua." Masega ndiyo yanayosafisha moshi, na ndani yake mna platinamu. Gari lingepumua, na mfuko wake pia. Nikakataa. Akanuna, akachomelea ufa juu ya kutu. Chuma kilichooza hakichomeleki, kila akigusa kinatoboka, naye anaongeza. Betri hata hakuichomoa, na gari lina kompyuta ambayo umeme wa kuchomelea unaweza kuiunguza. Alinitoza 20,000 na kitu. Kazi ilidumu siku kumi na mbili, nilizihesabu.

Aliyeniponya ni kijana mmoja wa Pasua, mpole, "shikamoo mama" kwanza. Hakugusa ufa. Alilishika bomba lote kwa mkono akalitikisa, likacheza kama mkia wa mbwa. Akanionyesha: raba mbili zinazoning'iniza ekzosi, moja imekatika, nyingine imebaki uzi. Bomba lilikuwa linabeba sailensa lenyewe kwenye kila shimo la barabara, ndiyo maana lilipasuka kiungoni. Mzee wangu wa sabuni, mimi na kopo langu, yule wa masega, sote tulihangaika na tundu tu. Raba yenyewe ilikuwa elfu tatu, elfu nne.

Akachomoa betri upande wa hasi. Akagonga bomba kwa bisibisi kutafuta linapolia chuma na linapolia kopo, akakata kipande chote kibovu, karibu futi moja. Nikamwambia nyumbani nina bomba la maji la mabati, zima, tuokoe hela. Akakataa: ile zinki ikiungua inatoa moshi mweupe, fundi analala na homa. Akaleta bomba jeusi la ekzosi, akalipachika kidogo juu ya lile la zamani kila upande, akalichomelea nukta nne kwanza ili lisipinde, ndipo akalizungusha mchomeleo wote. Raba mpya zote. Tambara, maji ya sabuni, hakuna povu. Nililipa 50,000 hivi na soda juu. Na tundu la sailensa likatolewa skrubu yangu, ambayo aliniomba abaki nayo awaonyeshe wenzake.

Jumamosi iliyofuata nilirudi kutoka Arusha saa moja usiku, nikasimama mbele ya geti langu. Kimya. Dakika ikapita. Mbili. Nikashuka nikagonga, mwanangu akatoka anafikicha macho: "Mama, umekuja na nini?" Siku hizi inabidi nipige honi.