Tulipoenda Kuipima Nyumba ya Nakuru

Wakala alikuwa ametangulia. Tulimkuta amefungua madirisha yote na kuwasha taa zote, mchana kweupe. Ilikuwa Aprili 2021, mvua ndefu imeshika, na nyumba yenyewe ilikuwa upande wa magharibi wa mji, si mbali na mtaa wa Rhonda. Vyumba vitatu, mabati mekundu, ukuta wa mawe kuzunguka ploti, na kisima cha kuchimbwa kwa mtambo. Mke wangu aliipenda tangu picha za kwanza, nami vivyo hivyo. Serchi ya ardhi, yaani ukaguzi wa rekodi za umiliki, ilirudi safi, sava (mpima ardhi) alizikuta bikoni zote, zile alama za mipaka, mahali pake, na wakili alikuwa anasubiri tu neno letu.

Aliyetuwekea breki ni mjomba. Miaka mingi ya kazi yake ameimaliza kwenye mitambo ya kuchimba visima, kuanzia Naivasha hadi Baringo, na nyumba humshughulisha kidogo kuliko kilicho chini yake. "Serchi imekuonyesha mwenye shamba," aliniambia. "Udongo wake umeuona?" Ndiyo maana siku hiyo tulifika na fundi wa stima na mhandisi wa majengo, na mjomba mwenyewe akiwa na chupa safi ya kuchotea maji ya kupeleka maabara. Wakala alituangalia tukishuka kwenye gari mmoja mmoja. "Nyumba ni mpya, jamani," akasema. "Mnapima nini?"

Fundi wa stima hakukawia. Waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, haukuwepo kabisa, na soketi zote za jikoni zilining'inia kwenye waya mmoja mwembamba. Hayo ni ya kurekebishwa. Shimo la choo ndilo lililomfanya mhandisi akune kichwa: lilikuwa hatua chache tu kutoka kisimani, tena upande wa juu wa mteremko. Wakala akatuhakikishia kwamba limefunikwa vizuri, kana kwamba maji machafu hutokea kwenye mfuniko.

Kisha tukaingia chumbani. Mhandisi alikuwa ameshatueleza kwamba ufa si ufa tu. Zile nyufa nyembamba zinazozagaa ovyo kwenye plasta mara nyingi ni plasta iliyokauka haraka, haziogopeshi. Wa kuogopwa ni ule unaoshuka mshazari kutoka kona ya dirisha, ukifuata viungo vya mawe ngazi kwa ngazi, kwa sababu huo unasema upande mmoja wa nyumba unazama. Akavuta pazia. Ukuta nyuma yake ulikuwa umepakwa rangi upya, sehemu hiyo peke yake. Alipoukwangua kwa ncha ya ufunguo, rangi ikabanduka na ufa ukaonekana, mpana kiasi cha kumeza sarafu ya shilingi tano.

Tukaufuata nje. Sakafu ya baraza nayo ilikuwa imepasuka. Mbele zaidi, kwenye ukuta wa ploti, kulikuwa na kipande ambacho mawe yake ni mapya kuliko mengine. Mjomba alisimama hapo, akanyoosha mkono mmoja nyuma kuelekea mlima wa volkano wa Menengai na mwingine mbele kuelekea Ziwa Nakuru. Kaskazini na kusini, mstari mmoja. Hakusema kitu, ila mhandisi alitikisa kichwa.

Mtu wa Nakuru hahitaji kuelezwa sana. Mji huu umekaa kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, juu ya majivu ya volkano yasiyoshikana. Chini kuna mipasuko ya kale, na mingi yake inaelekea kaskazini na kusini. Mvua kubwa ikinyesha, maji hupenya kwenye mipasuko hiyo na kuyasomba majivu kidogo kidogo, mpaka panabaki uwazi ambao juu hauonekani. Siku moja paa la uwazi huo linaanguka na mtaro unatokea. Watu huujaza mawe na marram, ule udongo wa changarawe wa barabarani, mvua nyingine inakuja, unafunguka tena.

Mama mmoja alikuwa akianika nguo ploti ya pili. Mjomba akamsalimia, wakajuliana hali, halafu akamuuliza kuhusu ule ukuta.

"Aa, mzee, hapo? Si walimwaga marram mvua iliyopita! Usiku tulisikia kishindo kama lori linapakua mawe. Asubuhi ukuta uko chini."

Wakala alikuwa amepata simu ya ghafla na kusogea getini. Yule mama hakututoza hata senti, na kwa maoni yangu ndiye aliyefanya ukaguzi bora kuliko wote tuliowalipa.

Majibu ya maji yalikuja baadaye. Floraidi, madini yanayoharibu meno yakizidi, ilikuwa zaidi ya mara mbili ya kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani, yaani miligramu 1.5 kwa lita. Mjomba hakushangaa, amekulia Gilgil na meno yake ni ya kahawia mpaka leo. Kuchemsha hakuiondoi floraidi. Kuna vichujio vya mkaa wa mifupa, na vinafanya kazi, lakini mkaa lazima ubadilishwe kila unapochoka. Mtoto wetu alikuwa na miaka miwili, meno ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya fizi. Mke wangu, yule aliyekuwa ameshachagua rangi ya mapazia, akaikunja karatasi ya maabara na kusema tutafute kwingine.

Wakala alipiga simu mara kadhaa, kila mara bei ikiwa chini kidogo. Mwaka uliofuata tulinunua eneo la Lanet, papo hapo Nakuru, nyumba ndogo kuliko ile, yenye tangi kubwa la kuvunia maji ya mvua. Mhandisi alikuwa yule yule. Alipanda darini, akakuta mchwa kwenye mbao mbili za paa, na gharama ya mbao hizo ikakatwa kwenye bei kabla hatujatia sahihi.