Mtwara mpaka Newala, nilikuwa naangalia juu tu

Ukisema unaenda kuangalia ndege na wanyama watu wanawaza mbugani moja kwa moja, kiingilio sijui na yale magari ya kufunguka juu. Mi nilitoka tu Mtwara mjini na shemeji na kigari chake kuelekea Newala kwa njia ya Tandahimba, Oktoba, korosho ndo zimechanganya, tunampelekea mjomba magunia. Shemeji akishika usukani anataka kufika tu, mi nataka asimame kila mkorosho, basi ndo tulivyoenda tunagombana hivyo hivyo.

Wakati ule lami ilikuwa inaishia Mnivata, baada ya hapo vumbi jekundu, na hatukwenda mbali tukapata pancha. Shemeji ananuna na jeki yake, mi nikakaa kivulini. Juu ya waya kulikuwa na ndege watatu wa kijani, keremkerem, mmoja akachomoka kama kombeo akarudi palepale na nyuki mdomoni, hajammeza, anampigiza kwenye waya, ta ta ta, anamsugua mkia, anampigiza tena ndo anameza. Kumbe anamtoa mwiba kwanza! Nilihesabu nyuki wanne mpaka tairi likakaa.

Kwa mjomba Tandahimba tukakuta ngedere shambani wanakula mabibo, yale matunda ya mkorosho. Nikajua atawarushia mawe, wala, kavuta kiti. Ngedere anachuma bibo, anang'ata, maji yanamchuruzika mpaka kwenye kiwiko, ile korosho inayoning'inia kwa chini anaiacha idondoke, maana ganda lake lina mafuta yanaunguza mdomo, aliyewahi kubangua anajua. Mjomba akapita na ndoo anaokota.

"Hawa vibarua wangu mjomba, hawadai posho."

Ila akasema wakati wa maua hawaelewani kabisa, na nguruwe pori ndo asitajiwe.

Kutoka pale kwenda Newala nilisikia hondohondo, yule ndege wa mdomo mkubwa, kabla sijamuona, analia kama mtoto aliyenyang'anywa kitu. Kanga wawili wakavuka barabara, shemeji akapunguza mwendo, nadhani alikuwa anawaza mboga. Halafu, sehemu niliyokaa kuliko zote, bomba linalovuja. Huku juu uwandani mto hakuna, maji yanapandishwa kwa pampu kutoka mabondeni, kwa hiyo palipo na tone kila mtu yupo. Mama mmoja alikuwa anakinga ndoo, pembeni yake ndege, tetere, shore na kachozi kamoja kanang'aa kama kamepakwa mafuta, wote wametulia wanasubiri, ndoo ikijaa akiinuka tu wanashuka kwenye tope. Nikamsalimia, akaniuliza mbona nawapiga picha njiwa, huko mjini hawapo?

Jioni tukafika Shimo la Mungu, pale Newala uwanda unapokatika ghafla, chini kabisa bonde la Ruvuma na ng'ambo Msumbiji. Pungu, aina ya tai, akapita. Nimeshawaona pungu wengi ila siku zote kwa tumboni, huyu alipita chini yetu, nikamuona mgongo, ule wekundu wa usoni, mabawa anayayumbisha kama mtu anatembea juu ya kamba. Shemeji aliyenisema njia nzima kanyamaza, kajiegemeza kwenye boneti, baadae sana ndo akauliza, "Sasa huyu mkia wake kaula nani?"

Nikamwambia wote wako hivyo, mkia mfupi. Hakuamini, akataka tumsubiri apite tena.