Leseni ya uzeeni huanzia kwa daktari wa macho

Wengi hukumbuka kuhuisha leseni ya udereva wiki ile ile inayokwisha. Kijana anaweza kuponea hapo, lakini aliyevuka miaka 70 akikutwa na kasoro hana tena muda wa kuirekebisha. Anza miezi mitatu kabla. Fomu zenyewe ni kazi ya nusu saa. Miezi hiyo ni ya macho na dawa.

Sheria hazifanani. Uingereza leseni hukoma ukitimiza miaka 70, kisha huhuishwa kila baada ya miaka 3. Japani mwenye miaka 70 hupitia mafunzo maalumu, na akifika 75 hupimwa kumbukumbu na uelewa. Jua kwanza nchi yako inataka nini: cheti cha daktari, tamko lako mwenyewe, au jaribio la barabarani.

Kwa macho, kiwango kinachotumika sana kwa gari dogo ni 6/12, macho yote mawili wazi, na miwani imevaliwa kama unayo. Yaani ukiwa mita 6 kutoka kwenye ubao wa herufi, usome mstari ambao mwenye macho mazuri angeusoma akiwa mita 12. Waingereza hudai pia usome namba za gari lililo mita 20 mbele yako. Hilo unaweza kujipima leo, mchana, kwa futi ya kupimia. Usihesabu hatua, maana hatua za uzeeni hufupika na utajipendelea bila kujua.

Ukishindwa, huenda ni miwani ya zamani tu. La sivyo, mshukiwa wa kwanza ni mtoto wa jicho: taa za magari yanayokuja usiku hutawanyika, rangi huonekana zimefifia. Upasuaji wake ni mfupi, ila jicho huhitaji kama wiki 4 hadi 6 kutulia kabla ya kupimiwa miwani mipya, na foleni ya upasuaji ni jambo jingine. Ndiyo maana ya ile miezi mitatu. Mwenye kisukari aongeze tahadhari: sukari ikiwa imepanda, lenzi ya jicho hubadilika na miwani utakayopimiwa siku hiyo haitakufaa sukari ikishatulia.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni presha ya macho. Aina yake inayowapata wengi haiumi, na mtu anaweza kusoma herufi zote ubaoni huku uwezo wa kuona pembeni ukiwa umeliwa. Ulaya hudai uone upana wa angalau nyuzi 120. Mwombe daktari apime na upana huo, asiishie kwenye herufi.

Kuhusu dawa, tia zote kwenye mfuko mmoja, hata za mafua ulizojinunulia, umpelekee daktari. Klofeniramini, inayochanganywa kwenye dawa nyingi za mafua, hulevya usingizi. Daizepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi, hukaa mwilini siku kadhaa, na kwa mzee hukaa zaidi. Dawa ya presha ya damu iliyoongezwa dozi karibuni huweza kukupa kizunguzungu ukisimama. Wanaotumia insulini wapime sukari kabla ya kushika usukani: chini ya 5 kwa kipimo cha milimoli, kula kwanza, chini ya 4, usiendeshe kabisa, na hata ikirudi sawa subiri dakika 45, kwa sababu akili huchelewa kupona kuliko damu.

Fomu ikiuliza magonjwa, taja. Kuficha kunaweza kuipa bima sababu ya kukataa kulipa, na ugonjwa uliodhibitiwa vizuri mara nyingi hauzuii leseni.

Kipimo cha akili, pale kinapotakiwa, huwa ni kuchora saa, kukumbuka maneno machache, au kuunganisha namba na herufi kwa mpangilio. Lala vya kutosha, vaa miwani na kifaa cha kusikia. Asiyesikia maelekezo huonekana kama aliyesahau.

Jaribio la barabarani nalo lina mitego yake. Shingo ikikakamaa, dereva hutegemea vioo na kuacha kugeuza kichwa, kumbe kuna sehemu ambazo vioo havionyeshi. Mazoezi mepesi ya shingo kila siku husaidia. Kwenda polepole mno nako ni kosa, ingawa wengi hudhani ni hekima. Penye hatari zaidi ni makutano, hasa unapokata kona inayovuka njia ya magari yanayokuja: usikadirie mwendo wao kwa pupa. Saa moja na mwalimu wa udereva inatosha kukuonyesha mazoea mabaya ya miaka 40.

Kama una daraja la malori au mabasi na hulitumii, liache. Madaraja hayo hudai afya ya kiwango cha juu na vipimo zaidi. Vivyo hivyo, ukipewa sharti la kuendesha mchana tu, au gari la gia otomatiki tu, likubali. Ni bora kuliko kunyimwa yote.

Nyaraka hukwamisha kwa mambo madogo. Jina kwenye kitambulisho lilingane herufi kwa herufi na la leseni ya zamani. Alama za vidole vya wazee huwa zimesagika, mashine ikazikataa. Paka losheni siku chache kabla, na mwombe karani ajaribu vidole vingine. Ukipewa leseni mpya, kabla hujaondoka dirishani soma madaraja, tarehe ya mwisho na sharti la miwani, kwani kosa la uchapaji ni rahisi kurekebishwa faili lako likiwa bado mezani.